SHEIKH AL-AMIN BIN ALI MAZRUI, KADHI ALIYETOA GAZETI

Kalamu yangu mwaka huu naielekeza kwa mtu mmoja wa mji wetu wa Mombasa aliyezaliwa mwaka 1891 na kufariki mwaka 1947. Jina lake ni Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui. Ukitaja Mazrui, wengi wetu akili huruka moja kwa moja kwa Profesa Ali Mazrui, yule aliyesifika duniani kwa filamu zake za televisheni kuhusu Afrika. Huyo ni mwana. Mimi leo namsimulia baba, ambaye hakuingia chuo kikuu chochote wala hakuwa na digrii hata moja, lakini historia, maadili na elimu ya dini alivifanya kuwa kazi yake ya maisha.

Kuna walioniona nikiandika haya wakaniuliza, vipi wewe mtu wa C.R.E. unashughulika na habari za masheikh? Swali zuri. Hapa shuleni kipindi cha dini kikifika darasa hugawanyika mafungu mawili, wa C.R.E. wanabaki na wa I.R.E. wanahamia chumba cha pili, kisha tunarudi kukaa pamoja kwenye somo la Historia kana kwamba historia haina dini na dini haina historia. Maadili nayo hayana kipindi. Walimu wetu wakubwa wanakumbuka kwamba katika mtaala wa 8-4-4 palikuwa na somo zima la elimu ya jamii na maadili, baadaye likaondolewa. Sheikh Al-Amin hakuyatenga mambo haya matatu, na ndiyo sababu nimemchagua yeye.

Tuanze na ukoo. Wamazrui asili yao ni Oman, na waliitawala Mombasa kwa muda wa karibu miaka mia moja, kwanza kwa niaba ya watawala wa Oman na baadaye kwa amri yao wenyewe. Ngome Kuu, yaani Fort Jesus tunayopelekwa kuitazama tukiwa darasa la sita, ilikuwa ndiyo makao yao. Mwaka 1837 Seyyid Said bin Sultan aliwashinda. Wakubwa wao walikamatwa wakapelekwa mbali Bandar Abbas, na waliosalia wakatawanyika, wengine Takaungu na wengine Gazi. Ukivuka feri Likoni ukaelekea Msambweni utaipita njia ya kwenda Gazi. Huko ndiko alikoishi Mbaruk bin Rashid Mazrui, aliyepigana na Waingereza mwaka 1895 na 1896 mpaka akavuka mpaka kuingia upande wa Wajerumani. Wakati wa vita hivyo Al-Amin alikuwa mtoto wa miaka minne au mitano. Kwa hivyo alizaliwa katika nyumba ambayo jina lake lilikuwa kubwa na nguvu zake zimekwisha. Mtoto wa nyumba ya namna hiyo ana njia mbili rahisi, kukaa barazani akisimulia ukubwa wa mababu au kuona haya na kunyamaza. Yeye hakupita hata moja.

Baba yake, Sheikh Ali bin Abdallah, alikuwa mwanachuoni aliyesoma Makka. Sehemu kubwa ya Wamazrui wa zamani walikuwa wa madhehebu ya Ibadhi kama watawala wa Oman. Sheikh Ali alikuwa Shafii na hakuificha rai yake, na mambo hayo ya madhehebu yalimtia katika kifungo cha Sultani Barghash wa Unguja. Alifariki mwaka 1894 na kumwacha Al-Amin mdogo kabisa. Aliyemlea na kumsomesha ni jamaa yake, Sheikh Suleiman bin Ali Mazrui, ambaye naye alikuwa mtu wa elimu na kadhi.

Hapa wanachama wenzangu wa chama cha Kiswahili naomba tusimame kidogo kwenye neno moja. Sisi tukisema chuo twafikiria Nairobi, Maseno au Pwani kule Kilifi. Lakini katika Kiswahili cha zamani cha Mvita, chuo ni kitabu, na chuo ni pale mtoto anapofundishwa Kurani. Ndipo tukapata mwanachuoni, mtu wa vitabu. Chuo cha Al-Amin hakikuwa na geti wala karo ya muhula. Mwanafunzi alimfuata mwalimu msikitini au nyumbani kwake, akakaa chini na kitabu kimoja, nahau au fiqhi au tafsiri, akakisoma mbele ya mwalimu mpaka kikaisha, ndipo akashika chengine. Cheti chake kilikuwa ni neno la mwalimu kwamba huyu sasa anaweza kufundisha wengine. Ukitaka mwalimu mkubwa zaidi, unamfuata aliko. Al-Amin alimfuata Unguja.

Unguja wakati ule palikuwa na vinara wawili wa elimu. Mmoja ni Sayyid Ahmad bin Sumeit, kadhi, aliyekuwa amesafiri mpaka Misri na Uturuki na kujuana na wanavyuoni wa huko. Wa pili ni Sheikh Abdallah Bakathir, mtu wa asili ya Lamu, aliyekuwa na madrasa mtaa wa Ukutani. Wote wawili walifariki mwaka mmoja, 1925. Al-Amin alisoma kwao, na jambo alilolipata huko naliona ni kubwa kuliko vitabu vyenyewe, nalo ni kujua kwamba dini yake ilikuwa ikijadiliwa upya duniani. Kule Kairo Sheikh Muhammad Abduh alikuwa amefundisha kwamba Mwislamu hapaswi kuiogopa elimu ya sayansi, na kwamba mila nyingi watu wanazozishika kama dini si dini. Mwanafunzi wake Rashid Rida alianzisha jarida la Al-Manar mwaka 1898, na jarida hilo lilivuka bahari mpaka pwani yetu. Al-Amin alikuwa msomaji wake mkubwa. Fikirieni, bila intaneti na bila simu, mtu yuko Mombasa anafuatilia mabishano ya Kairo!

Sasa tutazame na ng'ambo ya pili, maana Mombasa haikuwa ya Waislamu peke yao. Kisauni kwetu, mwaka 1875, wamishonari wa Kanisa la Kiingereza walianzisha mji wa Frere Town kwa ajili ya watu waliokombolewa kutoka kwenye majahazi ya watumwa. Mnara wa kengele bado umesimama pale Kengeleni na jina la mtaa limetokana nao. Kengele ile iliwaita watu kusali, tena iliwaonya hatari ikija. Utumwa wenyewe haukufutwa kisheria katika pwani ya Kenya mpaka mwaka 1907. Nilipopiga hesabu nilishtuka, kwa sababu mwaka huo Al-Amin alikuwa na miaka 16, umri wangu mimi leo. Kijana wa umri wetu, anasoma fiqhi yenye milango ya hukumu za watumwa na waungwana, na ghafla sheria ya nchi inasema mtumwa hayupo tena. Hayo ni maadili kweli kweli, na hayakumjia kama swali la mtihani.

Wamishonari pia walikuja na shule, na mtoto aliyetoka shule zao alipata kazi ya ukarani kwenye reli na bandarini. Watoto wengi wa Kiislamu wa pwani hawakwenda, wazazi wakihofia watabadilishwa dini. Hofu yenyewe haikuwa ya bure, lakini matokeo yake ni kwamba wenyeji wa mji waliachwa nyuma katika mji wao. Jambo hili lilimkera Sheikh Al-Amin kuliko yote. Wala hakuishia kuwalaumu Wazungu.

Mwaka 1930 alianza kutoa gazeti dogo liitwalo Sahifa. Mwaka 1932 akatoa jengine kubwa zaidi, Al-Islah, kwa Kiswahili na Kiarabu. Islah maana yake ni kutengeneza kilichoharibika. Kabla yake wanavyuoni wa pwani walipotaka kuandika jambo zito la dini kwa nathari waliandika Kiarabu, na Kiswahili kikaachiwa tenzi. Mwanamke wa Kibokoni au baharia wa Mji wa Kale ambaye Kiarabu chake kiliishia kwenye sala hakuwa na njia ya kusoma hoja na kuzipima mwenyewe. Ilimbidi angoje aambiwe. Sheikh Al-Amin aliyaleta mambo ya historia, ya siasa, ya dini na ya mwenendo wa watu kwa Kiswahili cha nathari ambacho yeyote angesomewa angefahamu. Kwangu mimi hili ndilo kubwa lake. Watu husema Kiswahili hakifai kwa mambo ya chuo kikuu. Miaka zaidi ya 90 iliyopita kadhi wa Mombasa alikuwa amekwisha kukitumia.

Na aliandika nini? Aliwapiga watu wake mwenyewe kwanza. Aliandika juu ya uvivu, juu ya pombe, juu ya kutupa mali katika harusi na matanga. Aliandika kwamba watoto wa kike nao wasomeshwe, na kuwanyima elimu si dini bali ni desturi mbaya. Aliwataka Waislamu wajenge shule zao zenye dini pamoja na hesabu na sayansi, badala ya kukaa wakilalamikia shule za misheni. Kuhusu matanga sikwambii. Kwetu Kisauni hata leo mtu akifiwa hukopa ili walishwe watu wengi ambao marehemu alipokuwa mgonjwa hawakumletea hata dawa ya shilingi kumi, na hili halina C.R.E. wala I.R.E.

Si kila alichosema nakubaliana nacho. Aliwaonya sana vijana wasiwaige Wazungu, kuanzia mavazi mpaka mwenendo, na hapo mimi naona alikaza kamba kupita kiasi, maana suruali haimfanyi mtu kuwa mwerevu wala mpumbavu. Lakini ukisoma kwa makini unaona shabaha yake. Alichokuwa akikichukia ni kuchukua ngoma na pombe za Mzungu na kuacha shule yake, mpangilio wake na bidii yake. Mambo hayo mazuri alitaka yachukuliwe bila kuona haya. Baadhi ya makala zake zilikusanywa mwaka 1944 kuwa kitabu kiitwacho Uwongozi.

Kuhusu dini nyengine, msidhani alikuwa mpole. Alibishana na wamishonari kwa kalamu, na walipokuja Waahmadiya katika miaka ya 1930 alibishana nao pia. Hakuwa mtu wa kusema dini zote ni sawa. Lakini alibishana baada ya kusoma. Mwaka 1923 padre mmoja wa Kiingereza wa Unguja, Godfrey Dale, alikuwa ametoa tafsiri ya Kurani kwa Kiswahili pamoja na maelezo yake ya Kikristo. Wako waliotaka kuipuuza tu. Sheikh Al-Amin alikaa akaanza tafsiri yake mwenyewe, sura kwa sura, ili mwenye swali apate jawabu kwa lugha yake. Hakuimaliza. Iliyoikamilisha Kurani nzima kwa Kiswahili upande wa Sunni ni kazi ya Sheikh Abdallah Saleh Farsy, iliyotoka mwaka 1969.

Tena mji huu ulikuwa na mfano wa zamani zaidi. Mwaka 1844, Johann Ludwig Krapf alipofika Mombasa na kutaka kutia kitabu cha Mwanzo katika Kiswahili, aliyemsaidia ni kadhi wa Mombasa wa wakati huo. Mkristo kutoka Ujerumani na kadhi wa Kiislamu walikaa juu ya maandiko mamoja wakitafuta maneno. Kila mmoja alibaki na dini yake. Mwaka huohuo Krapf alifiwa na mkewe na mtoto wake mchanga, akawazika upande wetu huu wa bara, Nyali.

Nirudi kwa Sheikh Al-Amin, na sasa niingie kwenye historia, maana mimi ni mpenzi wa somo hilo na hapa ndipo aliponikamata. Aliandika kwa Kiarabu kitabu cha historia ya Wamazrui na utawala wao Mombasa. Kuandika historia ya nyumba yako mwenyewe ni mtihani. Utafanya nini na mambo ya aibu? Liwali Ali bin Uthman, shujaa wa ukoo, alikwenda kuishambulia Unguja, na akiwa huko huko vitani akauawa na mtu wa nyumba yake mwenyewe. Vita vya Shela, kama mwaka 1812 au 1813, Wamazrui na wenzao wa Pate walishindwa vibaya na watu wa Lamu. Mwaka 1824 Wamazrui hao hao waliomba bendera ya Kiingereza ipandishwe Mombasa iwalinde, na miaka miwili baadaye Waingereza wakaiteremsha wakaenda zao. Na mwisho, mwaka 1837, walishindwa kwa sababu walikuwa wamegawanyika wenyewe kwa wenyewe. Mtu angeweza kuandika sifa tupu akapigiwa makofi barazani. Yeye alikusanya masimulizi ya wazee na maandishi, akamweleza liwali mmoja baada ya mwengine, mazuri na mabaya. Kitabu kilikaa muda mrefu kikiwa mswada wa mkono, na hatimaye kilichapishwa Uingereza mwaka 1995, Kiarabu pamoja na tafsiri ya Kiingereza, miaka 48 baada ya mwandishi kufariki.

Gazeti halikudumu. Mwaka 1932 huohuo aliwekwa kuwa kadhi wa Mombasa, na mwaka 1937, mwaka ambao feri ya Likoni ilianza, akawa Kadhi Mkuu wa Kenya. Sasa alikuwa mtumishi wa serikali ya Waingereza, na mtu aliyekuwa akiandika kwa ukali lazima aliona uzito wa kofia hiyo. Wengine wanaweza kumlaumu kwa kukubali. Mimi nasema hivi: kazi ya kadhi ni ndoa, talaka na mirathi. Wajane na mayatima hawangoji mpaka nchi ipate uhuru ndipo wapewe haki yao. Alifanya kazi hiyo kwa miaka kumi, na darasa zake za msikitini hakuziacha.

Nimetaja kazi, na hapa nina la kusema. Tulipokuwa tukichagua masomo mwishoni mwa kidato cha pili, wengi tuliambiwa kwamba Historia na Dini hazina kazi, tuchukue Biashara. Mama yangu pia ana wasiwasi, na simlaumu, maana yeye ndiye anayelipa karo. Lakini masomo haya yanasomwa mpaka chuo kikuu. Nairobi kuna idara ya falsafa na masomo ya dini, ambapo Mkristo anasoma Uislamu, Mwislamu anasoma Ukristo, na wote wanasoma Uhindu na dini za jadi za Kiafrika. Katika mji wetu ambao msikiti, kanisa na hekalu la Wahindu viko umbali wa kutupa jiwe, na ambao umeshaona vijana wakidanganywa kwa jina la dini na wahubiri wakiuza miujiza, mtu aliyesoma mambo haya sawasawa hawezi kukosa la kufanya. Kama mshahara wake utatosha, hilo ni swali jengine, na sitawadanganya.

Miongoni mwa wanafunzi wa Sheikh Al-Amin aliyejulikana zaidi ni Sheikh Muhammad Kassim Mazrui, ambaye naye alikuja kuwa Kadhi Mkuu mwaka 1963. Huyu aliandika kwa Kiswahili kama mwalimu wake, na kimoja katika vitabu vyake ni historia ya utumwa katika Uislamu na dini nyengine. Sisi tuliokulia karibu na Kengeleni twajua kwa nini kitabu cha namna hiyo ni kigumu kuandikwa na Mmazrui wa Mombasa.

Sheikh Al-Amin alifariki tarehe 1 Aprili 1947, akiwa na umri wa miaka 56. Mwanawe Ali alikuwa na miaka 14. Baba alikuwa akitamani mtoto huyu aende Al-Azhar kule Kairo awe mwanachuoni kama yeye. Haikuwa hivyo. Ali alifanya mtihani wa Cambridge akapata daraja la tatu, ambalo halikumfikisha Makerere, akawa karani katika chuo cha ufundi cha Waislamu, MIOME, kule Tudor, ambacho leo ni Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa. Mwaka 1955 alipata nafasi ya kwenda kusoma Uingereza. Alipitia Manchester, kisha Columbia ya Marekani, kisha Oxford, na Makerere iliyokuwa haimtaki akaingia kwa mlango wa mbele akiwa mwalimu, kisha profesa. Mwaka 1986 filamu zake zilieleza Afrika kuwa mrithi wa mambo matatu, asili yake mwenyewe, Uislamu na nchi za Magharibi. Wenye kumjua baba yake hawakushangaa jambo hilo lilikotoka.

Profesa Ali alifariki Marekani mwezi wa Oktoba 2014. Aliagiza arudishwe kwao, akazikwa katika makaburi ya Wamazrui, hatua chache kutoka Ngome Kuu.